Mrejesho: nywele zilizokuwa zinatoka baada ya uzazi

Aksanti sana, wamama na wadada mlionijibu. Kwa wasiojua: miezi 3 baada ya kujifungua nywele zilianza kubaki mafungu kwenye kitana, nikauliza hapa kama sababu ni chakula.

Nilifuata kwanza shauri la yule mama aliyesema nipime damu kabla ya kununua chochote. Nikapima hapa Bukavu: damu pungufu, akiba ya chuma chini kabisa. Daktari akaniandikia vidonge vya chuma. Bugali sikuiacha, ila mboga ilibadilika: sambaza (samaki wadogo) za ziwa Kivu karibu kila siku, maharagi, lengalenga (mchicha), na ndimu juu yake, maana vitamini C inasaidia mwili kuvuta chuma cha mboga. Kilichonishinda ni chai! Nilizoea kuinywa pamoja na chakula, kumbe inazuia chuma hicho. Sasa nangoja saa moja hivi, siku zingine najisahau.

Miezi 2 ya kwanza, hakuna kitu. Wa 3 kitana kikaanza kutoka na nywele chache. Leo, mwezi wa 5, kuna vinywele vya sentimita 2 hivi vimesimama juu ya paji, mume wangu anavicheka. Lakini daktari alinikumbusha kwamba nywele za uzazi mara nyingi hurudi zenyewe, kwa hiyo siwezi kuwapa sambaza sifa zote.

Karibu na masikio bado ni tupu. Hapo ni misuko ya kukaza, chakula hakikusaidia, rasta nimeacha. Na zile biotini (vidonge vya vitamini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele) nilizonunua kwa haraka, sikuona faida yake.