Mrejesho: Udzungwa na watoto pamoja na bibi yao

Wakuu habari, niliuliza njia gani ya kutembea kwenye hifadhi ya Udzungwa inafaa watoto wa miaka 5 na 8 pamoja na mama yangu anayesumbuliwa na goti, wengi mkaniambia niachane na maporomoko ya Sanje. Asanteni sana aisee, mmeniokoa.

Tumefika Mang'ula, tukalipia getini, tukapewa mwongozaji wetu na tukachagua njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard. Ni karibu tu na makao makuu ya hifadhi. Sanje ni mita 170 za maji na ni pazuri kweli, ila mzunguko wake unakula kama masaa manne na kuna kupanda haswa, kwa goti lile hapana.

Mule ndani hakuna barabara za gari kabisa, ni miguu tu, kwa hiyo watoto wanatembea huru na hakuna kupigiwa honi. Mama alikata fimbo nje kabla ya kuingia akawa anaenda mdogo mdogo, mwongozaji naye hakumharakisha hata kidogo, kila penye mizizi inayoteleza anampa mkono, "taratibu mama, weka mguu hapa".

Halafu mbega wekundu! Wale wa kichwa chekundu ambao duniani wako Udzungwa tu. Mmoja karuka juu yetu majani yakatumwagikia, mwanangu mdogo alishangilia mpaka mwongozaji akacheka.

Mkienda vaeni raba zenye meno, na muanze asubuhi kabla ya joto la Kilombero. Sanje nitaenda na wakubwa wenzangu mwakani, mwenye nia anitafute.