Ubingwa wa konferensi, mieleka ya vyuo Marekani: tunalipa kuangalia watu wakijitoa?

Wakuu salaam.

Najua humu ukitaja mieleka wengi wanawaza ile ya kwenye TV, ya kupigana viti na kurukia watu kutoka kwenye kamba. Siyo hiyo. Naongelea mieleka ya vyuo, ya mkekani, ya kupimwa uzito asubuhi na dakika saba za kutafutana mpaka pumzi inakata. Mimi niko Iowa, na huku huo mchezo ndio habari ya mjini. Mwaka 2015 watu 42,287 walikwenda kukaa kwenye uwanja wa mpira wa Kinnick, nje, mwezi wa 11 na baridi lake, kuwaangalia Iowa wakipambana na Oklahoma State. Kwa hiyo wale wa "kwani huo nao mchezo?" pumzikeni, uzi huu si wenu.

Hasira zangu ziko kwenye wikendi moja tu ya mwaka, ya ubingwa wa konferensi, mwanzoni mwa mwezi wa tatu.

Kwa ambao hawafuatilii: vyuo vimegawanyika kwenye makundi yanayoitwa konferensi. Big Ten, konferensi yetu ya Iowa, kwenye mieleka ni timu 14 (wale waliohamia juzi kutoka Pwani ya Magharibi, USC, UCLA, Oregon na Washington, hawana timu za mieleka). Kuna uzani kumi, kuanzia pauni 125 mpaka 285. Kila chuo kinapeleka mtu mmoja kila uzani, wanapigana siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Wiki mbili baadaye ni mashindano ya taifa ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), ambako kila uzani unachukua watu 33, jumla 330. Sasa hao 33 wanapatikanaje? Hapo ndipo uozo ulipoanzia.

Kabla ya wikendi ya konferensi kuanza, NCAA wanatangaza kila konferensi imepewa nafasi ngapi kwa kila uzani, kutokana na rekodi za wapiganaji wake msimu mzima. Zinazobaki chache zinagawiwa na kamati baadaye kwa waliokosa. Big Ten kwa sababu ina majitu, kuna uzani unakuta imepewa nafasi nane au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Watu 14, nafasi nane. Ukifika nusu fainali tayari una uhakika wa kumaliza ndani ya sita bora. Maana yake Jumamosi hiyo hiyo, kabla hata watu hawajala chakula cha jioni, kwenye uzani wa namna hiyo kuna vijana wanne ambao safari ya taifa iko mfukoni.

Halafu inakuja Jumapili.

Jumapili tumelipia tiketi. Tiketi ya vipindi vyote, umeinunua mapema kabla hata hujajua nani atapangwa na nani, hoteli imepandishwa bei kwa sababu wanajua mnakuja, maegesho unalipa, soda bei ya mlo. Unakaa. Mtangazaji anaita majina mawili, mechi uliyoisubiri msimu mzima, ya kugombea nafasi ya tatu. Anatoka kijana mmoja tu. Mwamuzi anamnyanyua mkono. Basi, imeisha. Mwenzake amejitoa kwa sababu za kiafya. Unageuka mkeka wa pili, hivyo hivyo. Kuna kipindi mwamuzi ananyanyua mikono mfululizo mpaka jirani yangu kwenye viti, mzee wa Kizungu mwenye kofia yake ya njano na nyeusi, akaniuliza kama tumekuja kwenye mieleka au kwenye ubarikio.

Ni sawa na kulipa nauli ya Mwanza, basi linakushusha Shinyanga, konda anakwambia "si ni Kanda ya Ziwa hiyo hiyo?"

Na jana yake yule kijana alikuwa anarukaruka, wakuu! Jumamosi usiku kapigana dakika zote saba na za nyongeza, kashuka mkekani anatembea vizuri, kapiga picha na mama yake. Jumapili asubuhi anaumwa. Wote tunajua anachoumwa: anaumwa mashindano ya taifa. Kocha amepiga hesabu, ameona nafasi ya tatu na ya sita tofauti yake ni ndogo kuliko hatari ya goti.

Nisieleweke vibaya. Hatari ipo, na si ya kubuni. Machi 2021 Spencer Lee wa Iowa alichukua ubingwa wa taifa wa pauni 125, halafu akasema mbele ya kamera kwamba alipigana bila kano kuu (ACL) za magoti yote mawili, na kwamba goti la kulia liliachia kwenye fainali ya Big Ten. Yaani kwenye wikendi hii hii ninayoilalamikia. Kocha yeyote aliyeiona ile lazima ajifunze kitu. Na mwaka 2024 Carter Starocci wa Penn State alikuwa na goti bovu kweli kweli, akajitoa Big Ten, kamati ikampa nafasi ya upendeleo, akapangwa namba 9 kwa ubora kwenye uzani wa pauni 174, akaenda Kansas City akaubeba ubingwa wake wa nne wa taifa. Simlaumu hata kidogo, aliumia mbele ya macho ya watu. Ila angalia somo walilolipata wengine: unaweza kususa konferensi yote na bado ukawa bingwa wa nchi. Na aliyeonewa ni yule aliyehangaika msimu mzima mpaka kapangwa juu kabisa, halafu anafungua ratiba anakuta bingwa mara tatu amekaa upande wake, kavaa namba 9 mgongoni.

Ninachokataa ni kuuziwa. Kama konferensi imekuwa kituo cha kugonga mhuri, semeni. Uzeni tiketi kwa bei ya kituo cha kugonga mhuri. Msituletee matangazo ya miale ya moto na sauti nzito ya "vita ya mwisho" wakati mnajua nusu ya askari watarudi nyumbani Jumapili asubuhi.

Mbona zamani lilikuwa taji linaloheshimika? Dan Gable alifundisha Iowa misimu 21, akachukua Big Ten mara 21. Hakuna msimu hata mmoja aliosema "tuhifadhi magoti." Na wala si zamani sana: Machi 2019 kule Minneapolis, Sebastian Rivera wa Northwestern alimpiga Spencer Lee, bingwa wa taifa, kwenye fainali ya 125, mechi ikaenda dakika za nyongeza. Wiki mbili baadaye Lee akaenda Pittsburgh akatetea taji lake la taifa kama kawaida. Lakini ule ubingwa wa Big Ten ni wa Rivera mpaka kiama, na sisi tuliotazama tunaukumbuka kuliko fainali nyingi za taifa. Hicho ndicho kitu ninachokidai.

Sasa njoo kwenye matangazo, maana wengi wetu hatuwezi kusafiri kila mwaka na tunaangalia kwenye simu.

Siitaji app kwa jina, wanaolipia wanaijua. Unalipia mwezi mzima kwa ajili ya wikendi moja. Mikeka kadhaa inakwenda kwa wakati mmoja, kila mkeka kamera yake, iliyofungwa juu huko kama ya ulinzi wa benki. Hakuna mchambuzi. Saa haionekani, matokeo hayaonekani, rangi za nguo zinafanana, hujui nani ni nani mpaka amalize. Tangu msimu wa 2023-24 kumwangusha mtu ni pointi tatu badala ya mbili, kwa hiyo mechi inageuka kwa sekunde moja. Na ni sekunde hiyo hiyo app inaamua kuzunguka. Ikirudi, mtu anapeana mkono na kocha wa mpinzani. Nani kashinda? Nenda kwa mtu anayeandika matokeo mtandaoni ukamuulize.

Kisha fainali zenyewe unaambiwa hazimo humo. Zimehamia kwenye channel, na channel inataka kifurushi kingine. Mdogo wangu yuko Mwanza, nimemwambukiza ugonjwa huu, anakesha na bando lake la kubahatisha. Fainali kwao inaangukia usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, na mara nyingi Jumapili hiyo ndiyo Wamarekani wanasogeza saa mbele, kwa hiyo hata muda niliomwambia Jumamosi unakuwa si wenyewe. Ameshaniuliza: "Kaka, hivi hawa watu wanataka tuangalie au hawataki?" Sikuwa na jibu.

Kinachoniuma kuliko vyote ni mechi zinazoachwa. Mechi tamu ya wikendi hii si lazima iwe fainali. Ni ile ya kugombea nafasi ya mwisho ya kwenda taifa. Uzani umepewa nafasi saba, wamebaki wawili wanagombea ya saba, mmoja yuko mwaka wa mwisho chuoni. Akipoteza, labda ndiyo amevua viatu moja kwa moja, amestaafu. Huko hakuna wa kujitoa, hata akiwa na mbavu zimevunjika. Ameng'ang'ania mguu wa mwenzake kama uhai wake uko mle. Na nyie watu wa kamera mnafanya nini? Mnamwonyesha mkurugenzi wa michezo wa chuo fulani akinywa kahawa!

Ndiyo maana siku hizi natafuta konferensi ndogo. Kanuni ni kwamba bingwa wa kila konferensi anakwenda taifa hata kama konferensi yake haikustahili nafasi yoyote kwenye uzani huo. Kwenye konferensi kama SoCon (Southern Conference, ya vyuo vya kusini), kina Appalachian State, Chattanooga na Davidson, kuna uzani wenye nafasi moja tu. Wewe wa pili unarudi nyumbani, unabaki kuomba kamati ikuonee huruma. Fainali ya namna hiyo, watu wanapigana kama wamedaiana. Ukumbi mdogo, kelele kubwa, hakuna anayeumwa ghafla.

(Sitaki hata kuanza na hii hama hama. Stanford ya California sasa inagombea ubingwa wa pwani ya Atlantiki. Vyuo sita vya Ivy, kina Harvard na Princeton, vimejitoa EIWA, konferensi ya tangu 1905, vikaanza ubingwa wao wenyewe 2025. Uzi wake nitaufungua siku nyingine nikipata nguvu.)

Haya, mnaouendesha mchezo huu, hata kama hamsomi Kiswahili: mnajua tangu usiku wa Jumamosi, au alfajiri ya Jumapili, nani hatapigana. Sisi tunajua mwamuzi akishanyanyua mkono. Tangazeni mapema. Bandikeni orodha kabla milango haijafunguliwa, mtu aamue kama anaingia au anabaki kwake na watoto wake. Na kipindi kikishakuwa nusu yake ni mikono hewani, rudisheni sehemu ya hela.

NYONGEZA: Naona mkuu hapo juu ananiambia "afya ya mchezaji kwanza, wewe shabiki ni nani?" Mkuu, umesoma nilichoandika kuhusu Lee na Starocci au umesoma kichwa cha habari tu? Hakuna mahali nimesema mgonjwa apigane. Nimesema nisiuziwe mechi ambayo haipo. Mimi si daktari, ila na mimi si benki ya mtu.

NYONGEZA 2: Mama mmoja wa Cedar Rapids ameandika kwamba mwanawe anacheza mieleka sekondari na kocha kamfundisha kwamba kujitoa ukiwa mzima ni aibu. Dada, asante, mwambie huyo kocha akiona nafasi ya kazi huko juu aombe.

NYONGEZA 3: Wanaouliza kwa nini nisiangalie taifa tu na kuachana na konferensi: kwa sababu taifa kila uzani ni watu 33 kutoka kila kona na nusu yao siwajui. Kwenye konferensi ni watu wanaojuana. Wamepigana Januari, wamepigana Februari, kuna aliyemzomea mwenzake, kuna aliyelipiza. Ugomvi wenye historia ndio utamu wenyewe.

Swali langu kwa walioko Oklahoma, Texas na huko chini: kuna aliyewahi kwenda Tulsa kwenye ubingwa wa Big 12, konferensi nyingine kubwa, pale BOK Center? Siku ya pili wanapigana kweli au nao wanapunga mikono? Kutoka hapa ni kutwa nzima barabarani, ila nikipata watu wawili wa kuchangia mafuta, mwakani hela yangu ya tiketi inakwenda huko.