Nataka kuachia biashara ya kukata miti, niiuze vipi?

Wakuu habari, nina kabiashara ka kupogoa na kuangusha miti, kuna gari, chensoo kadhaa, mashine ya kusagia matawi, kamba na mikanda ya kupandia. Mabega yamechoka kupanda. Kijana wangu wa kazi anaitaka ila hana hela ya kulipa mara moja, nimwachie huyo au nitafute mtu wa nje wa keshi?

Jibu: Mpe kijana mkuu. Mtu wa nje atakulipa bei ya vyuma tu, maana wateja wanakupigia wewe, na huyo kijana washamzoea. Alipe kidogo kidogo kwa maandishi, gari libaki jina lako mpaka amalize. Na mwachie ile namba ya simu ya kazi, hiyo ndo biashara yenyewe.

Jibu: Hapo kwenye gari sikubaliani, likigonga mtu utatafutwa wewe, bora muandikiane kwamba asipolipa linarudi. Halafu kamba na mikanda usimuuzie kabisa, kamba iliyopigwa jua miaka unaweza ukaiona nzima kumbe imeisha nguvu na mtu yuko juu huko, anunue mpya. Bima nayo usidhani inahamia kwake, akate ya kwake kabla hajagusa mti wowote.

Mwenye mada: Asanteni sana, la bima sikuliwaza. Na wateja niwaambie lini?

Jibu: Mkishasaini tu. Zunguka naye kwa wale wakubwa, yeye ndo apige hesabu ya kazi, wewe simama pembeni.