Hii namba 4294967297 ni tasa kweli au tunapigwa?

Kiboko_ya_Baki: Wakuu heshima zenu. Kuna mwana kwenye grupu la WhatsApp karusha namba 4294967297 anasema ni tasa, yani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, na mwenye ubavu aipinge. Mi nimekomaa na kalkuleta ya simu, 3 haingii, 7 haingii, 11, 13, 17 zote zinaacha baki, nimefika mia na kitu huko nikachoka. Kuna shotikati au ndo nigawe mpaka kuche? Na kwanini achague hiyo?

Mzee wa Vipeo: Si tasa mkuu. Gawa kwa 641, inaingia mara 6700417 bila baki, na hiyo 6700417 ni tasa kwahiyo vigawo tasa ni hivyo viwili tu basi. Na huyo mwana hajaiokota barabarani, hiyo ni 2^32+1, yani 2 thelathini na mbili zikizidishana halafu ujumlishe 1. Kulikuwa na Mfaransa Fermat, mwanasheria huyo, aliona 2^1+1 ni 3, 2^2+1 ni 5, 2^4+1 ni 17, 2^8+1 ni 257, 2^16+1 ni 65537, zote tasa, basi mwaka 1640 akaandika kwenye barua kwamba anaamini zinaenda hivyohivyo bila mwisho. Inayofuata ndo hiyo yako sasa. Ikakaa miaka zaidi ya 90 mpaka mwanahisabati Euler akaipasua 1732, dogo wa miaka 25 tu. Na mpaka leo baada ya hizo tano haijapatikana nyingine iliyo tasa, yani jamaa alisimama pabaya kweli kweli 😂

Kiboko_ya_Baki: Duh. Ila 641 aliitoa wapi, au alibahatisha tu?

dada_aljebra: Abahatishe wapi. Kigawo tasa chochote cha hiyo namba ukikipunguza 1 lazima kigawanyike kwa 64, so unaangalia 65, 129, 193, 257 unaenda hivyo hivyo mpaka 641, ukitoa zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Yani unagawa mara tano umemaliza, wakati ukienda kienyeji namba tasa zilizo chini ya 65536 ziko 6542, utazeeka.

Na hata kalkuleta huhitaji, cheki. 640 ni 5×2^7, na 640 ukiigawa kwa 641 ni sawa na baki ya -1, maana imepungua 1 tu kufika 641. Pandisha kipeo cha 4, -1 inakuwa 1, kwahiyo 5^4×2^28 inabakiza 1. Sasa 5^4 ni 625 ambayo ni 641 toa 16, kwahiyo weka -16 yani -2^4 mahali pake, unapata -2^32 inabakiza 1. Maana yake 2^32+1 haibakizi kitu. Mi hii ndo naipenda kuliko zote, mistari mitatu kwishney.

kodi_za_usiku: Mbona mi nimeiweka kwenye programu inaniletea 1??

Mzee wa Vipeo: Umetumia biti 32 wewe, yani nafasi 32 tu za 0 na 1 za kuandikia namba, mwisho wake 4294967295, ukiongeza moja inarudi sifuri, ukiongeza tena ndo hiyo 1 yako. Weka biti 64.

dada_aljebra: Halafu hiyo 4294967295 msiipite hivi hivi, zidisheni 3×5×17×257×65537 muone mnapata nini.

Kiboko_ya_Baki: 😳😳 imekuja yenyewe!! Ngoja nirudi kwenye grupu nikamtafute yule mwana