Hilux ya 3L imeishiwa nguvu mlimani: nifungue pampu, nitafute injini ya turbo, au kuna la kuangalia kwanza?

Mbeba Viazi

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya 3L, dizeli isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ambayo niliinunua mkononi mwa mtu na sasa ninaitumia kuteremsha viazi kutoka vijiji vya Njombe hadi Makambako na kurudi na mbolea. Kwenye tambarare gari halina shida, lakini nikiwa na mifuko 18 ya kilo 50, safari ya kupanda kurudi Njombe imekuwa mateso: msimu uliopita nilikuwa napanda kwa gia ya tatu, na sasa naingia ya pili huku malori yakiniwashia taa nyuma. Moshi ni mdogo, oili haipungui, na asubuhi injini huwaka kwa kusitasita. Fundi wangu anataka kufungua skrubu ya pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli ndani ya injini, ili dizeli iongezeke, na jirani ananishauri nitoe injini hii niweke 1KZ, injini ya dizeli ya Toyota yenye turbo. Fedha ya injini sina, na pampu ninaiogopa. Kitu pekee nilichobadilisha ni tairi. Mwaka jana nilifunga 265/75R16 badala ya zile nyembamba za 205R16 zilizokuja na gari.

Fundi Dizeli

Ndugu, skrubu hiyo isiguswe kwa sasa. Neno lililonivutia katika maelezo yako ni kwamba moshi ni mdogo, kwa sababu injini ya dizeli inayokosa hewa hutoa moshi mweusi, ilhali inayokosa dizeli hulegea kimyakimya. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, ukiwa na mzigo, na nyuma hakuna hata wingu dogo jeusi, basi kuna mahali dizeli inazuiliwa kabla ya kufika kwenye nozeli.

Anza na jambo lisilo na gharama. Zima injini, fungua boneti, mwambie mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi chini kabisa, nawe utazame mkono wa pampu unaovutwa na waya: lazima uguse skrubu ya kizuizi chake. Waya wa gari la umri huo huwa umelegea, na mara nyingine ni zulia tu linalozuia pedeli. Niliwahi kuletewa gari lililokwisha kufungwa nozeli nne mpya, kumbe chini ya pedeli kulikuwa na mpira wa sakafu uliokunjwa mara mbili.

Hilo likiwa sawa, badilisha filta ya dizeli, kisha ufanye jaribio la dumu: chukua dumu safi, lijaze dizeli, lifunge imara nyuma ya kibini, halafu mpira wa kuingia kwenye filta na ule wa kurudisha mafuta yote miwili uielekeze humo, bila kupitia tanki. Panda mlima uleule kwa mzigo uleule. Gari likipata nguvu, ugonjwa uko kwenye tanki au kwenye bomba la chini. Weka pia kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu, maana mapovu yakipita hapo ujue hewa inaingia mahali, na huenda hata kule kusitasita kwa asubuhi kunatoka humo.

Dereva wa Zamani

Naongezea mawili. La kwanza ni tairi, ambazo umezitaja kana kwamba si kitu. Tairi ya 205R16 ina kimo cha sentimita 74 hivi, na hiyo ya 265/75R16 inakaribia 80. Maana yake ni kwamba kila gia imekuwa ndefu kwa takriban asilimia 8, na gia yako ya tatu ya leo si ile ya mwaka juzi. Isitoshe, spidomita sasa inaonyesha mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.

La pili ni mwinuko. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini ya 3L ilitoka kiwandani na nguvu farasi 91 hivi, kwa hiyo huko kwenu hata ikiwa mpya inabaki na sabini na kitu. Hapo ndipo ushauri wa skrubu unapokosea zaidi, kwani hewa tayari ni nyepesi, na dizeli ya ziada isiyopata hewa ya kuiunguza itageuka moshi na joto. Joto hilo ndilo linalopasua silenda hedi.

Mpenda Turbo

Kwa heshima zote, jirani hajakosea sana. Mwinuko huohuo ndio sababu ya turbo kuwapo. Hata hivyo, nakubali kwamba hakuna faida ya kufunga turbo kwenye injini yenye tanki chafu.

Fundi Dizeli

Hapo tumekubaliana. Mbeba Viazi, ukimaliza njia ya dizeli, pima tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu, injini ikiwa baridi: valvu za kuingiza hewa milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea moshi 0.40 hadi 0.50. Kwenye 3L hazipigi kelele zikibana, ndiyo maana husahauliwa.

Mbeba Viazi

Wakubwa zangu, nimerudi na majibu. Mkono wa pampu ulikuwa haufiki mwisho. Palibaki nafasi ya kupitisha kidole, na kukaza waya kulichukua dakika kumi. Kwa dumu gari lilipanda kama si lenyewe, tukashusha tanki, na chujio la ndani tukalikuta limevaa utando mweusi mzito kama lami. Tapeti mbili za kutolea moshi zilikuwa 0.25, nasi tumebadilisha visahani vinavyorekebisha nafasi hiyo, na asubuhi sasa injini inawaka kwa mara moja.

Jana nimepanda na mifuko ileile 18 kwa gia ya tatu, isipokuwa mlima mmoja mkali ambako bado niliingia ya pili, na huo naona ni wa tairi, ambazo nitazirudisha nyembamba hizi zikiisha. Fundi wangu alikuwa kando akiangalia kazi yote. Skrubu ya pampu bado ina lakiri yake ya kiwandani.