Ordet ya Dreyer: je, kufufuka kwa Inger kumeandaliwa?

Mpenda Sinema: Ndugu zangu, nimeitazama kwa mara ya tatu Ordet, yaani "Neno", filamu ya Kidenmark aliyoiongoza Carl Theodor Dreyer mwaka 1955 kutokana na tamthilia ya mchungaji Kaj Munk, na mwisho wake bado unanitatiza. Kwa saa mbili tunakaa na ukoo wa Borgen kule Jutland, Denmark, ambako mzee Morten na Peter fundi cherehani wanakataa kuoza watoto wao kwa sababu tu kila mmoja ana njia yake ya kumwamini Mungu yuleyule. Kisha Inger, mkaza mwana wa mzee, anafariki katika uzazi, na akiwa ndani ya jeneza anafufuka. Je, muujiza huo umeandaliwa, au tumeshtukizwa tu?

Mama Rehema: Umeandaliwa mapema sana, ndugu yangu, ila macho yetu huwa kwa Johannes, mwana wa mzee anayejidhania kuwa Yesu, tukamsahau mtoto. Mwangalie Maren, binti mdogo wa Inger, anapomwuliza baba yake mdogo kama mama atakufa karibuni ili apate kumfufua, huku kamera ikiwazunguka wawili hao taratibu bila kukatisha. Ni yeye huyo anayemshika Johannes mkono mbele ya jeneza na kumhimiza afanye haraka. Karibu watu wazima wote mle chumbani wana dini, lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwomba Mungu amrudishe Inger.

Mpenda Sinema: Nakubali kuhusu Maren. Lakini mbona kichanga hakifufuki?

Msomaji wa Mvita: Kwangu mimi, hapo ndipo filamu inapokuwa ya kweli. Inger anapofumbua macho anauliza habari za mtoto, na Mikkel, mume ambaye muda wote hakuwa na imani, ndiye anayemjibu kwamba yuko kwa Mungu. Kumbuka pia kwamba mzee alipomfariji kwa kusema roho ya Inger imekwenda mbinguni, Mikkel alijibu kuwa aliupenda na mwili wake. Kwa hiyo kinachorudi ni mwili, wenye joto, na busu lao ni la watu wenye njaa. Anders, mdogo wa Mikkel, anaiwasha tena saa ya ukutani iliyokuwa imesimamishwa, na neno la mwisho la Inger ni "uhai".