Mjadala: Trauti wa Aberdare arudishwe mtoni au aende jikoni?

Wenzangu wa Nairobi, Julai hii ya baridi na manyunyu kuna watu wanaokata barabara ya Thika alfajiri kuelekea Nyeri kumfuata trauti, samaki wa maji baridi anayeishi katika mito ya milima ya Aberdare. Wanamvua kwa nzi bandia, yaani manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, wanampiga picha, kisha wanamrudisha majini. Sina neno nao. Neno langu ni kwa wanaotaka kurudisha samaki kuwe amri kwa kila mtu, hata mwenyeji aliyezaliwa kando ya mto.

Trauti si wa kwetu. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliwaleta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakapandikizwa mto Gura, huko huko Aberdare. Yule mwingine, trauti wa upinde wa mvua, asili yake ni magharibi mwa Amerika Kaskazini. Wote wawili wamo katika orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Mgeni wa namna hiyo tumwekee askari, halafu mtoto wa pale mwenye mnyoo kwenye ndoana aitwe jangili?

Mvuvi wa Jumamosi: Ndugu, umeiona hiyo mito? Mingine ni vijito tu. Kwenye maji baridi samaki hukua polepole. Kila mtu akijaza kikapu, Desemba tutakuwa tunavua mawe. Na vijana wanaotuonyesha vidimbwi wanalipwa kwa sababu samaki wapo.

Wa Othaya: Mimi ndiye huyo mwenyeji mnayemsemea. Wazee wetu Wakikuyu hawakuwa walaji wa samaki, na hata leo trauti wengi huishia kwenye sahani za hoteli. Kinachoniudhi si amri ya kurudisha, ni kufukuzwa ukingoni na mtu aliyekuja jana kutoka mjini. Na hao vijana hulipwa siku mnapokuja. Siku nyingine je?

Mvuvi wa Jumamosi: Hilo la kufukuzwa nakuunga mkono, mzee. Lakini bila amri samaki wataisha.

Mwanzisha mada: Tuiangalie hiyo amri basi. Anayeshikwa kwa nzi bandia kwa kawaida ndoana humnasa mdomoni, na maji baridi yana oksijeni ya kutosha kumrudishia nguvu. Aliyemeza mnyoo, ndoana mara nyingi humfika kooni au tumboni. Ukimwachilia huyo, uwezekano mkubwa atakufa huko chini, asiliwe na mtu. Kwa hiyo amri inamfaa mwenye vifaa vya bei, mwenye mnyoo inampotezea kitoweo tu. Mimi ningeweka idadi ya kubeba kwa siku, moja kwa wote.

Tena sufuria si adui mkubwa. Trauti huanza kutaabika joto la maji likipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Kata miti ukingoni, jua lipige mto, punguza maji, uone kama ndoana ya aina yoyote itamwokoa. Milima hiyo hiyo ya Aberdare ndiyo inayojaza mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, tunakochota sisi wa Nairobi. Kuhusu hilo wapenda nzi bandia siwasikii wakipiga kelele.

Wa Othaya, kwa upande wenu, samaki wangapi kwa siku mngeona ni haki?

Wa Othaya: Wawili. Na njia ya kufika mtoni iachwe wazi.